Kiti Alichokikosa Yoast

Mwaka 1971, mji wa Alexandria, Virginia, Marekani, uliwakusanya wanafunzi wakubwa wa sekondari, weusi kwa weupe, katika shule moja, T.C. Williams. Timu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na kukumbana vifua, ikakabidhiwa kocha mpya mweusi, Herman Boone. Wachezaji wakaenda kambi ya mazoezi mjini Gettysburg, wakarudi, wakashinda mechi zote 13. Boone anastahili sifa zake, tena nyingi.

Lakini leo namuwazia Bill Yoast, kocha mweupe ambaye wengi walitarajia apewe kiti kile. Ingekuwa wewe, ungebaki? Yoast alibaki, akawa msaidizi, akasimamia ulinzi. Fainali ya jimbo ilikwisha 27 kwa 0.