Ngoma ni ya nani?



Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, tena ni ufalme. Mwami aliondolewa mwaka 1966, ngoma ikabaki kwa wananchi, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa wanadamu wote. Lakini mwaka 2017 amri ya Rais ilikataza wanawake kuipiga, na mwenye sherehe akatakiwa kibali pamoja na faranga 500,000. Kwetu Buterere, ni arusi gani itazitoa?

Sisi ni wageni, sheria ya nchi tunaiheshimu. Nami naelewa hofu ya wazee: kitu cha heshima kikichezewa kila kona hushuka. Ila kuheshimu si kufungia. Miriamu alishika tari, wanawake wote wakamfuata (Kutoka 15:20).

Amri ile ni ya ingoma, haigusi ngoma za kwaya yetu. Basi mbona binti zetu wanapewa kayamba tu, na kijana aliyefika juzi kutoka Uvira anaambiwa angojee? Jumapili baada ya ibada ngoma kubwa itabaki nje. Anayetaka kujifunza aje, awe mama au mtoto.