Kopo la Mchele na Moyo wa Mkatekumeni

Wakatekumeni wengi huuliza swali moja: "Tutabatizwa lini?" Swali hilo ni jema, kwa maana latoka katika moyo wenye kumtamani Mungu. Lakini liko swali jingine linalolitangulia, nalo ni hili: "Leo hii, kabla ya ubatizo, Mungu anataka nini kwangu?"

Mwenye kuuliza swali la kwanza peke yake hufanana na mtu aliyeketi ukingoni kule Alunguli, akiitazama ng'ambo ya pili ya Lualaba na kungoja mto ukauke apate kuvuka. Lualaba haukauki. Atakaye kuvuka hana budi kuingia mtumbwini, nao mtumbwi hauendi kwa kutazamwa, bali kwa kupigwa kasia, pigo baada ya pigo. Ndivyo ilivyo safari ya imani. Siku ya ubatizo ni siku kuu, lakini siku zote zilizo kabla yake na baada yake ni mapigo ya kasia.

Bwana wetu Yezu Kristu aliufananisha Ufalme wa Mungu na mbegu. Mtu huipanda, kisha hulala na kuamka, usiku na mchana, nayo mbegu huota na kukua pasipo yeye kujua jinsi inavyokua. Watu wa Maniema hawahitaji kufafanuliwa sana mfano huu, kwa kuwa wao ni wakulima wa mpunga. Hakuna mkulima anayeamka usiku kuyavuta majani ya mpunga ili yarefuke upesi. Lakini hakuna pia mkulima mwenye akili anayelala tu. Hufyeka, hupalilia, tena huwatuma watoto shambani kuwafukuza ndege wakati wa masuke. Kukuza ni kazi ya Mungu. Kupalilia na kulinda ni kazi ya mtu. Neema ya Mungu haimwondolei mtu kazi yake, wala kazi ya mtu haichukui nafasi ya neema.

Je, kupalilia huko hufanyika wapi? Kanisani siku ya Dominika tu? La, hasha. Hufanyika njiani, sokoni, jikoni na kitandani kabla ya usingizi. Na tumfikirie mkatekumeni mmoja wa kijijini, mtu wa mwaka wa pili katika mafundisho. Sala zote alizijua kwa moyo. Amri za Mungu alizitaja zote kumi pasipo kukwama. Kila juma alipakia gunia la mchele juu ya baiskeli yake, akaisukuma kwa mikono kupita vilima na matope mpaka Kindu, akauza sokoni.

Lakini kopo lake la kupimia lilikuwa na siri. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo hata kikaingia ndani. Machoni pa mnunuzi kopo lilijaa mpaka juu; kumbe chini palikuwa pamepungua kiasi cha kiganja cha mtu. Wauzaji wengi wa karibu yake walifanya vivyo hivyo, naye hakuona ubaya. Alijiambia ya kuwa safari ni ndefu, watoto ni wengi, na mtoto wa mwisho ana homa na dawa zataka fedha.

Siku moja Mwalimu wa dini alifundisha amri ya saba, asiibe mtu. Hakumtazama mtu yeyote. Alisema tu ya kwamba mwizi si yule avunjaye mlango usiku peke yake. Hata mkono unaopunguza kipimo mchana mbele ya watu ni mkono wa mwizi. Yule mtu akainamisha kichwa. Juma lililofuata hakufika mafundishoni, wala lile la pili. Aliona haya, akawaza moyoni: "Mimi si mtu wa ubatizo. Afadhali niache."

Mwalimu akamfuata nyumbani kwake. Walipokwisha kuamkiana, yule mtu akasema: "Mwalimu, usinipotezee siku zako. Moyo wangu haujatakata."

Mwalimu akajibu: "Ndugu yangu, nani amekuambia kwamba mafundisho ni ya watu waliokwisha kutakata? Mgonjwa akingoja kupona ndipo aende kwa mganga, atakwenda lini? Rudi. Na ukirudi, njoo na kile kinachokusumbua."

Dominika iliyofuata akaja na kopo lake ndani ya mfuko. Wakalitazama wote wawili, wala Mwalimu hakumkemea. Alimpa nyundo na gogo la mti. Yule mtu akaligonga kopo kutoka ndani mpaka kitako chake kikanyoka.

Hapo pana fundisho la kwanza. Toba si majonzi tu. Majonzi yasiyofika mkononi hukauka kama umande. Toba ya kweli hutafuta nyundo na kunyosha kile kilichopindwa.

Lakini kunyosha kopo hakukutosha, maana yalibaki malipo. Aliyeiba hana budi kurudisha. Zakeo mtoza ushuru, alipomkaribisha Bwana nyumbani mwake, hakusema tu kwamba amefurahi. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, na nusu ya mali yake kuwapa maskini. Yule mtu wa mchele aliuliza: "Nitawarudishiaje watu nisiowajua, walionunua na kwenda zao?" Kanisa hufundisha kwamba mali ya wizi, asipopatikana mwenyewe, haibaki kwa aliyeiba, bali hupewa maskini. Basi kila alipokwenda sokoni aliweka kando makopo mawili ya mchele, akayapeleka kwa mjane mmoja mzee aliyekuwa hana mtu wa kumlimia. Hakuwatangazia watu. Haba na haba hujaza kibaba, wasema wahenga. Naye aliyekipunguza kibaba cha wengine kwa haba na haba, alikijaza tena kwa haba na haba.

Je, mambo yake yalimwendea vizuri tangu siku hiyo? Si yote. Faida yake ilipungua. Mkewe alinung'unika, akasema: "Baba wa watoto, uaminifu huu utatulisha nini?" Naye, kwa uchovu wa njia, alimjibu mkewe kwa ukali, hata watoto wakanyamaza. Usiku ule hakuweza kusali. Aliona kwamba ameunyosha mkono, lakini ulimi wake bado umepinda. Asubuhi alimwomba mkewe msamaha kabla ya kushika baiskeli.

Hapo pana fundisho la pili. Anayemfuata Kristu hushinda leo na kuanguka kesho. Shetani hufurahi mara mbili: mara ya kwanza mtu anapoanguka, na mara ya pili, tena kwa furaha kubwa zaidi, anapokata tamaa kwa sababu ameanguka. Mama haachi kumfundisha mtoto kutembea kwa kuwa ameanguka mara kumi. Humwinua mara kumi. Mungu ni mwenye huruma kupita mama wote.

Wengine watasema: "Mambo haya ni madogo. Kopo la mchele, neno la ukali, mjane mmoja. Watakatifu walifanya makuu." Basi na wayafuate maji ya Lualaba. Maji yale yale yapitayo Kindu huteremka mpaka Kisangani. Kutoka huko mto huitwa Kongo, nao hufika Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville zamani za utawala wa Wabelgiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifanya kazi huko kijana mmoja, msaidizi wa waashi, jina lake Bakanja. Alifundishwa dini na wamisionari Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akaitwa Isidore. Hakuwa padri, wala hakuwa mwalimu wa dini. Alikuwa mtu wa kazi. Alivaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, akasali rozari, akawafundisha wenzake sala alizozijua.

Baadaye akaenda kuwatumikia Wazungu wa kampuni moja huko Ikili. Msimamizi wa shamba aliichukia dini yake. Akamwamuru aivue skapulari na kuacha kuwafundisha wenzake. Isidore hakukubali kuivua. Katika mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, hata mgongo wake ukawa jeraha moja lisilopona. Aliteseka kwa miezi. Wamisionari walipomfikia na kumhimiza amsamehe yule aliyempiga, alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Nguvu ile ya kusamehe aliipata wapi? Haikuzaliwa siku ya mjeledi. Ilikuwa imepaliliwa siku nyingi kabla, katika rozari za jioni baada ya kubeba matofali, katika uaminifu kwa kazi, katika subira kati ya wenzake. Asiyeweza kumsamehe jirani kwa ajili ya kuku aliyekula mpunga wake, atamsamehe vipi mwenye mjeledi? Bwana alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika jambo lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Jambo dogo ndilo shamba ambamo lile kubwa hupandwa.

Kwa hiyo mkatekumeni asiihesabu miaka ya mafundisho kuwa miaka ya kungoja mlangoni. Mama Kanisa hamcheleweshi kwa kumchukia. Anampa nafasi ya kupalilia, ili siku atakapomiminiwa maji, yapate udongo uliolimwa.

Na ashike desturi hii nyepesi. Asubuhi, kabla ya kutoka, afanye ishara ya msalaba, amkabidhi Mungu kazi ya siku na kumwomba nguvu kwa neno moja analojua litamshinda. Jioni, kabla ya kulala, ajiulize maswali haya matatu:

1. Leo mikono yangu imempunguzia nani haki yake, nami nitairudisha vipi?

2. Leo ulimi wangu umemjeruhi nani, nami nitamwomba msamaha lini?

3. Leo Mungu amenitendea jema gani, nami nimemshukuru?

Akisha kujibu, amwambie Mungu kwa maneno yake mwenyewe kwamba anajuta, kisha alale kwa amani. Mbegu haitalala. Na yule mtu wa mchele? Bado anasukuma baiskeli yake kwenda Kindu, naye bado hajabatizwa. Lakini wanunuzi wake wameanza kuwaambia wenzao: "Nendeni kwa yule, kopo lake ni kopo." Huo ndio ushuhuda wake wa kwanza wa Injili, nao umetoka katika kitako cha kopo kilichonyoshwa.