Nambari ya Kuazima

Jina si mali ya mwenyewe peke yake. Mtu hupewa jina na wengine, huitwa na wengine, na siku afapo wengine ndio walihifadhio au walisahauo. Katika jina lake yeye ana kazi moja tu, nayo ni kuitika. Mtu aitikaye aitwapo kupokea, akanyamaza aitwapo kulipa, ana nusu ya jina. Na nusu ya jina haimjengei mtu heshima nzima. Katika zama zetu jina limepata mwenzake, nambari ya simu, na swali la kale limerudi kwa sura mpya: je, yafaa mtu ajithibitishe mbele ya wenzake kwa nambari ambayo si yake, wala hatakuwapo kuiitikia?

Tulitazame swali hili kwanza nyumbani. Asumbi, katika njia itokayo Rongo kwenda Homa Bay, ni mahali pa misheni, pa chuo cha walimu na pa shule, na kwa hiyo ni mahali pa wageni. Mgeni abishapo hodi bomani kwa mzee hukaribishwa, hupewa kiti, kisha huulizwa, “Wewe ni mtoto wa nani?” Swali hilo si udadisi mtupu. Mzee hamtafuti baba wa mgeni kwa sababu ya baba, amtafuta mdhamini. Mgeni akijulikana boma lake, aweza kuazimwa jembe, aweza kuazimwa hata ng’ombe wa kulimia, kwa maana asiporudisha yuko wa kuulizwa. Majina ya Wajaluo yenyewe yana ushahidi ndani yake. Otieno alizaliwa usiku. Okoth alizaliwa mvua ikinyesha. Na wengi huchukua pia jina la jamaa aliyekufa. Jina la namna hiyo halimtaji mtu peke yake. Lataja saa, lataja ukoo, lataja marehemu. Aliaibishaye huwaaibisha wengi, na kwa hiyo hulichunga.

Katika intaneti hakuna boma wala kiti cha mgeni. Kampuni iliyo katika nchi ya mbali hupokea wageni kwa mamilioni, na haiwezi kumwuliza kila mmoja ni mtoto wa nani. Badala yake huuliza nambari ya simu. Mtu akiitaja, kampuni huipelekea ujumbe mfupi wenye tarakimu chache, aghalabu sita. Naye akizirudisha tarakimu hizo sawasawa, huaminiwa kuwa ndiye aishikaye nambari ile. Nchini Kenya ushahidi huu umepata uzito mkubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu mwezi wa Machi mwaka 2007, ilipoanza M-Pesa, nambari ya simu imekuwa mkoba wa fedha. Ya pili ni kwamba sheria yataka kila laini iandikishwe kwa kitambulisho cha mwenyewe. Kanuni za mwaka 2015 zilitilia mkazo jambo hilo, na mwaka 2022 wenye laini waliamriwa tena kuhakikisha maandikisho yao. Hivyo nambari yasimama mahali pa kitambulisho, na kitambulisho chasimama mahali pa mtu. Nambari imekuwa mdhamini wa mgeni asiye na boma.

Lakini palipo na mdhamini hapakosi mtu wa kumkodi. Leo zapatikana nambari pepe, yaani nambari zisizofungwa na kadi yoyote ya simu, ambazo hupokea ujumbe kwa njia ya intaneti. Si zote za namna moja. Ziko ambazo mtu au kampuni hukodi kwa miaka, akaziweka juu ya mlango wa biashara yake, na kila apigaye humpata. Ziko zinazokodishwa kwa dakika chache tu, zipokee zile tarakimu, kisha apewe mwingine. Tena ziko zilizo wazi kwa watu wote, ambazo kila ujumbe uingiao waweza kusomwa na yeyote apitaye. Zote zaitwa nambari, kama vile nyumba na hema na kivuli cha mti vyaweza vyote kuitwa makao.

Haifai kuwahukumu wanaozitumia kabla ya kuwasikiliza. Msichana auzaye nguo kwa njia ya mtandao hataki kila mtazamaji aipate nambari yake na kumsumbua usiku. Mwandishi wa habari apokeaye siri za wanyonge ana wajibu wa kuwakinga. Mtu wa Rongo aliyekwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba hana budi kutafuta njia ya kupokea ujumbe ikiwa laini yake ya nyumbani haifanyi kazi huko. Hawa si wezi. Wanafunga mlango, na kufunga mlango si kuiba.

Tena historia yetu yatukumbusha kwamba si kila atakaye kutujua anatutakia heri. Chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1915, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kuchukua kipande, hati yenye jina na alama za vidole na habari za kazi, ambayo wengi waliivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Mwajiri aliandika humo alilotaka, na mwenye kuvaa hakuwa na njia ya kumjibu. Nyanza haikulikubali jambo hilo kimya. Mwezi wa Desemba mwaka 1921 watu walikutana Lundha, huko Gem, katika harakati zilizojulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake nchi imesema; na miongoni mwa madai yao lilikuwamo la kuondolewa kipande. Wazee wale walikuwa na majina, na waliitika kwa majina yao hadharani. Walichokikataa ni kufungwa jina shingoni kama kengele ya mbuzi. Katika siku zetu Katiba ya mwaka 2010 imeitambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu asiombwe habari zaidi ya zile zinazohitajiwa kwa kazi iliyotajwa. Basi aulizaye naye ana jambo la kuulizwa: waitakia nini nambari yangu?

Kwa hiyo kujificha si dhambi kwa kila hali. Kosa liko wapi, basi? Tuutazame upande wa pili wa jambo lenyewe. Yuko afunguaye akaunti kumi kwa nambari kumi za kukodi, apate kuisifu bidhaa yake kwa midomo kumi. Yuko ajifanyaye mwalimu wa chuo au binti wa watu, akawaomba wengine fedha, kisha akaitupa nambari kama ganda la ndizi. Na yuko aliye karibu nasi zaidi, asiyehitaji hata nambari pepe: mchuuzi wa laini aliyepewa kitambulisho cha mzee aandikishe laini moja, akaandikisha tatu, mbili akaziuza kwa watu asiowajua. Mtumiaji wa Safaricom akipiga *106# huonyeshwa laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake. Huenda akaziona asizozijua. Siku laini kama hiyo itakapotumiwa kwa hila, atakayefuatwa ni mzee aliye shambani kwake. Ameitwa asiyetenda, na aliyetenda hakuitika.

Hapo ndipo uliko mpaka tunaoutafuta. Kunyamaza ni jambo moja, na kutoa ushahidi wa uongo ni jingine. Asemaye “Sitakuambia jina langu” amesema kweli, na msikilizaji ana hiari ya kumpokea au kumwacha. Bali asemaye “Huyu hapa mdhamini wangu,” hali mdhamini huyo amekodiwa na ataondoka kabla ya jua kutua, amemnyang’anya msikilizaji hiari hiyo. Kwa hiyo kipimo chetu kisiwe aina ya nambari, ila swali moja: nikiitwa kwa nambari hii kesho, je, nitaitika? Muuza nguo aliyekodi nambari ya biashara ataitika. Nambari yake ni pepe, lakini ahadi yake si pepe. Mwenye kununua laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha mwingine hataitika. Nambari yake ina kadi, lakini haina mtu.

Huenda kijana akasema, “Mimi simdhuru mtu. Nilitaka akaunti ya mchezo tu, nikatumia nambari ya dakika tano.” Hoja hii yastahili jibu la haki, kwa kuwa kosa lake, kama ni kosa, ni dogo. Jibu la kwanza lahusu nafsi yake. Wahenga husema nguo ya kuazima haisitiri. Nambari aliyoikodi leo kesho ni ya mwingine. Na mwingine huyo akiomba tarakimu za kuingilia kwa kisingizio cha kusahau nywila, huenda akapewa ufunguo wa mlango usio wake. Aidha, mwenye kukodisha nambari ndiye aupokeaye ujumbe kwanza. Kijana amekimbia macho ya mtu mmoja, akaingia mikononi mwa mwingine asiyemjua hata kidogo.

Jibu la pili lahusu sisi sote, nalo ni zito zaidi. Uaminifu ni ghala la kijiji: hakuna achotaye gunia, kila mmoja huchota kiganja, na ghala huisha vilevile. Ushahidi wa nambari ukichezewa na wengi hauaminiwi tena, na wenye kuuliza huongeza maswali. Jana waliridhika na tarakimu sita. Leo wengine wataka picha ya uso na picha ya kitambulisho. Kesho watataka zaidi. Mzigo huo hauwaelemei wadanganyifu, maana wao hupata njia nyingine. Humwelemea mwanamke wa sokoni asiye na hila, ambaye uso wake na kitambulisho chake sasa vimelala katika ghala za watu wa mbali. Hivi ndivyo akimbiaye kipande kwa udanganyifu awafuliavyo wenzake kijaluba kipya cha bati.

Basi kijana afanye nini? Akiulizwa nambari bila haja, na akatae, tena akatae waziwazi kama walivyokataa watu wa Lundha. Kuna mambo mengi duniani yawezayo kukosekana bila hasara. Akihitaji sitara, atafute sitara iliyo yake, nambari ya pili aishikayo na kuilinda mwenyewe. Na akitaka kuaminiwa, kukopeshwa, kununua au kuuza, atoe nambari ambayo yuko tayari kuitikia mchana na usiku, siku ya faida na siku ya deni. Faragha ni haki ya mtu kuchagua atakayemfungulia mlango. Lakini akishaufungua, na mgeni akishaingia kwa kumwamini, hana haki ya kutokea dirishani na kumwacha jirani aitike kwa niaba yake.