Khutba ya Ijumaa: Mtoto Hapewi Talaka

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba mume na mke akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyesali huku amembeba mjukuu wake Umama, na ziwashukie ali zake na masahaba zake. Nakuusieni, na ninaanza kuiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mnaotusikia nyuma ya pazia. Leo nazungumzia watoto ambao wazazi wao wameachana. Hapa Kigombe tunao, na tunawajua kwa majina.

Mtoto wa darasa la tatu hushuka dikoni asubuhi kumwamkia baba yake. Baba anamtungia samaki watatu kwenye ukuti: "Mpelekee mama." Akifika nyumbani anaambiwa, "Karudishe. Baba yako alete kwanza hela ya sare." Mtoto anarudi njia ile ile, samaki mkononi. Na baba naye ana neno lake: "Mtoto wenyewe halali kwangu, hela nitoe ya nini?" Mama anamzuia mtoto kwa sababu hapewi nafaka, yaani matumizi ya mtoto; baba anazuia nafaka kwa sababu hapewi mtoto, na anayekosa vyote viwili ni huyu aliyebeba samaki.

Ndugu zangu, nafaka ni haki ya mtoto. Kumwona baba na kumwona mama ni haki ya mtoto vilevile. Wala moja si bei ya nyingine. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anakataza mama asitiwe dhiki kwa ajili ya mwanawe, na hapo hapo anakataza baba asitiwe dhiki kwa ajili ya mwanawe. Wote wawili wamelindwa katika aya moja. Asiyepewa haki yake aidai kwa njia yake, asimfanye mtoto kuwa rehani.

Tuanze na malezi, ambayo wanachuoni huyaita hadhana. Amepokea Abdullah bin Amr kwamba mwanamke alimlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mumewe amemwacha na sasa anataka kumnyang'anya mwana. Mtume akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi ya mtoto maadamu hajaolewa. Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu mwambao huu, mtoto mdogo hukaa kwa mama mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, takriban miaka 7. Hapo huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Naye Abu Huraira amesimulia kuwa Mtume alimpa kijana hiari baina ya wazazi wake, na kijana akaushika mkono wa mama yake.

Wapo wanaoisubiri siku mama atakapoolewa, waende na bodaboda kumchukua mtoto. Wameshika nusu ya hukumu. Katika madhehebu yetu, mama akiolewa na mtu asiye na haki ya kumlea mtoto huyo, haki hiyo haiendi moja kwa moja kwa baba. Huhamia kwanza kwa mama yake mama.

Katika Muwatta, Imam Malik amepokea kisa cha Sayyidna Umar. Alikuwa ameachana na mama wa mwanawe Asim. Siku moja alikwenda Quba akamkuta mtoto anacheza uani kwa msikiti, akamshika mkono akampakia mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto akamfuata, wakazozana, mpaka wakafika mbele ya Abubakar aliyekuwa Khalifa. Abubakar akamwambia Umar amwache mtoto kwa bibi yake. Na Umar, pamoja na ukali wake wote unaojulikana, hakurudisha neno. Nani kati yetu ni mkubwa kuliko Umar hata aseme, "Mtoto ni wangu, hakuna wa kunihukumu"?

Nafaka sasa. Mtoto akilala kwa mama, akilala kwa bibi, nafaka yake iko juu ya baba. Kuachana na mama hakukuiondoa. Hindi bint Utba alipolalamika kuwa Abu Sufyan ni mbahili, Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Na Suratut Talaq, aya ya 7, imempa kila mtu kipimo chake: mwenye wasaa kwa wasaa wake, na mwenye dhiki kwa alichoruzukiwa.

Basi tusiige hesabu za watu wa mshahara. Mvuvi wa dagaa hushinda nchi kavu mbalamwezi ikiwaka, na mtu wa pweza hungoja bamvua. Mkubaliane kwa hesabu ya bahari: giza likiisha, fungu la mtoto litoke kabla ya madeni mengine. Anayekwenda dago atume kwa simu, na ujumbe wa muamala ubaki uwe ushahidi wake. Anayelipwa kwa mwezi kwenye shamba la mkonge, hana udhuru wa kungoja bahari itulie.

Nasema haya, na namwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na nyinyi.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Ndugu zangu, mambo haya yana njia. Talaka ikishatoka, wakae wazee wa pande mbili waandike karatasi, mbele ya mashahidi: mtoto atalala wapi, fungu lake ni kiasi gani na litolewe lini, likizo ya Juni na ya Desemba atakuwa kwa nani, na Idi ataswali na nani. Waandike pia nani anatunza cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, maana siku mtoto anaugua homa usiku si siku ya kutafutana kwa karatasi. Sare na madaftari vimfuate mtoto, asikose shule Jumatatu kwa sababu sare imebaki nyumba ya pili.

Mkishindwana, nendeni BAKWATA, na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yetu ya Muheza. Ikibidi, mahakama ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inatanguliza maslahi ya mtoto, na inachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Kifungu cha 129 kinamtwika baba makazi, mavazi, chakula na elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka mtoto asikilizwe. Kudai haki ya mtoto mahakamani si kumwaibisha mtu.

Neno la mwisho ni la ndimi zetu. Mtoto akirudi kutoka kwa baba, asihojiwe alikula nini na mke mpya ana nini. Akirudi kutoka kwa mama, asiambiwe mama yake ni mtu wa namna gani. Mabibi, mashangazi, mama na baba wa kambo, tusimlazimishe kuchagua wa kumchukia. Yule uliyemwacha bado ni mzazi mwenzio. Suratul Baqara, aya ya 237, inawakumbusha walioachana wasisahau fadhila baina yao.

Baba anayedaiwa, leo baada ya swala aanze kulipa. Mama aliyemfungia mtoto, leo amruhusu akamwamkie baba yake.

Ewe Mola, walinde watoto wa Kigombe, waliolelewa na wazazi wawili na waliolelewa na mmoja. Wape riziki baba zao baharini na mashambani, na uwalainishie nyoyo za kuitoa. Wape mama zao subira na insafu. Tusamehe tulipowadhulumu wadogo wasio na wa kuwasemea. Amina.

Simamisheni swala.