Jitihada na Kudura Njiani Kwenda Mtae

Kuna neno linaloandikwa nyuma ya magari, likasemwa vijiweni na kurudiwa misibani: ajali haina kinga. Lina ndugu yake: jitihada haiondoi kudura. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tanga, na jioni nasomesha watoto madrasa, kwa hiyo maneno haya nayasikia kote kuwili. Siku hizi nayasikia zaidi, kwa kuwa naandaa safari ya pikipiki ya milimani na kila ninachokipanga kinajibiwa kwayo. Nikisema tairi la nyuma libadilishwe, naambiwa ajali haina kinga. Nikisema tusipande mlima wa njia ya Soni usiku, naambiwa jitihada haiondoi kudura. Nataka kujibu, tena kama mtu anayeiamini kudura, maana kuiamini, heri yake na shari yake, ni katika nguzo za imani yangu. Swali ni hili: mwenye imani hiyo anapangaje safari?

Tuko watu watatu na pikipiki mbili za cc 150: mimi, mpwa wangu ambaye ni bodaboda, na rafiki yangu Msambaa, Mlutheri wa Bumbuli, ambaye huko milimani ndiko kwao. Tutatoka mwezi wa 9, masika yamekwisha na vuli haijaanza. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo: mpaka hapo ni lami, mkonge umejipanga safu, na cha kuogopwa ni mabasi. Mombo tunaiacha barabara kuu ya Moshi na kukata kulia. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei tu, lakini ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Barabara ni nyembamba, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori ya kabichi na viazi yanateremka yakipiga honi kila kona. Ukifika maporomoko ya Soni, jasho la Mombo limeshakauka mgongoni na unatafuta koti. Tutalala Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kesho yake tutapita msitu wa Magamba, kisha Lukozi, kwenye mashamba ya mboga yaliyokwea ubavu wa mlima, mpaka Mtae, mahali mlima unapokatika ghafla na mbuga ya Mkomazi imetandazwa chini.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliniuliza kwa upole safari hii ni ya nini. Si ya biashara, si ya kumzuru mgonjwa, si umra. Nilimkumbusha Suratul Ghashiya, Mola anapotuuliza kama hatuwatazami ngamia walivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Sisi watu wa pwani milima tunaiona kwa mbali, siku anga ikiwa safi, nasi tunaendelea na shughuli zetu. Kwenda mpaka mguuni pake, ukaipanda kona kwa kona na kuitazama kwa sababu umeulizwa kama umeitazama, kwangu ni sababu tosha. Mzee aliridhika. Kisha naye akaniambia nisijisumbue mno na maandalizi, yote yamekwisha andikwa.

Hapo ndipo tunapopotea, na hatukuanza sisi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilishughulikia jambo hili katika Ihyaa Ulumid-Din, kwenye kitabu cha tauhidi na kutawakali. Alizigawa sababu mafungu matatu. Kuna sababu za yakini, ambazo Mungu amezifungamanisha na matokeo yake daima: mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono akisema ametawakali, huyo kwa Ghazali ni mwendawazimu, hana fungu katika kutawakali. Kuna sababu za dhana yenye nguvu, kama msafiri kuchukua masurufu jangwani. Na kuna za dhana dhaifu, ambazo kuzing'ang'ania ndiko kunakotia doa tegemeo la mja kwa Mola wake.

Niliposoma mgawanyo huo niliuona ukitembea gerejini. Breki ni katika fungu la kwanza. Petroli ya kutosha, pampu, viraka vya pancha, plagi na kebo ya klachi ya akiba ni fungu la pili: huenda tusivihitaji, lakini tukivihitaji Lukozi na tuko bila hivyo, tutasukuma. Na ile hirizi niliyoikuta imefungwa kwenye usukani wa pikipiki ya mteja, ambaye tairi lake la nyuma halina hata kashata moja iliyobaki, mimi naiweka fungu la tatu. Mteja yule alikuwa ameyageuza mafungu juu chini. Kilicho dhaifu alikikaza kwa uzi mwekundu, kilicho yakini alikiachia Mungu.

Ngoja niieleze breki kwa karibu, maana hapa imani inapimwa kwa chuma. Kuteremka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kuteremka muda mrefu bila pumziko. Ukiminya breki ya mbele mfululizo, pedi zinashika moto, moto unaingia kwenye mafuta ya breki, na yakiwa ya siku nyingi yameshafyonza unyevu na huchemka mapema. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Basi unaminya mkono wa breki unaingia mpaka mwisho na gurudumu halishiki. Dawa yake ni kuteremka kwa gia ya pili au ya tatu, injini yenyewe ikushike, breki uiguse na kuiachia. Mpwa wangu na wenzake wa kijiweni wanapenda kuteremka kwa frii, injini imezimwa, ili kubana mafuta. Nilimwambia: "Mpwa wangu, huko frii hakuna." Akanijibu, "Mjomba, mtu hafi kabla ya siku yake." Ni kweli hafi kabla ya siku yake. Lakini hakuambiwa siku yake ni ipi, kaambiwa asijitupe kwenye maangamizi kwa mikono yake mwenyewe. Yasiyojulikana ameyafanya hoja, yanayojulikana ameyaacha.

Nimezika vijana wa bodaboda. Kila fundi wa rika langu amezika. Msibani hatuulizi tairi lilikuwaje. Hatuulizi nani alimpa pikipiki isiyo na taa, nani alimpakiza abiria wawili na gunia, na kama kofia ngumu ilikuwa kichwani au imening'inia mkononi. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa, tunaitikia amina, tunatawanyika, na kesho yake pikipiki nyingine isiyo na taa inaingia barabarani. Maneno yale ni ya kweli na ni dawa ya mfiwa. Yakitumiwa kufunga mlango wa kuuliza, yanakuwa jambo zito kuliko tunavyodhani: makosa ya mikono yetu tunampachika Mwenyezi Mungu, kisha tunamsifu kwa kutokuwa na makosa. Sijui dhulma ya ulimi iliyo kubwa kuliko hiyo, nasi tunaifanya tukiwa na nyuso za unyenyekevu.

Kwa hiyo nasema mithali ile ina wakati wake. Jitihada haiondoi kudura ni neno la baada ya jitihada. Mtu amekagua breki, amevaa kofia, ameshuka kwa gia, na bado lori lililokatika breki limemkuta konani: huyo aambiwe jitihada haiondoi kudura, apate kupumua. Anayeambiwa kabla hajanyanyua spana, anaambiwa akalale. Ndiyo tartibu tuliyofundishwa katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na atawakali. Aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Kufunga kumetangulia, na mwenye kuugeuza mpangilio huo ameigeuza dini.

Hadithi ya ngamia inajulikana na kila mtoto wa madrasa yangu. Ipo habari nyingine ambayo hatuisimulii vya kutosha, na mimi naiona ndiyo ufunguo wa safari yoyote. Sayyidna Umar bin Khattab, akiwa khalifa, alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh alipokewa na majemadari wake, Abu Ubayda bin Jarrah akiwa miongoni mwao, wakampa habari kwamba Sham kumeingia tauni. Akataka shauri, watu wakahitilafiana, mwisho akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudura ya Mungu kwenda kwenye kudura ya Mungu. Akampigia mfano: mtu ana ngamia, kateremka nao kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine mkavu, akiwalisha upande wowote kati ya hizo, si amewalisha kwa kudura ya Mungu? Baadaye Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume kwamba nchi iliyoingia maradhi hayo msiiendee, na yakiwakuta ndani yake msiitoroke. Umar akamshukuru Mola wake, akageuza msafara.

Tazama mizani ya jambo lile. Khalifa, msafara mzima, safari iliyoandaliwa, na imani ambayo hakuna wa kuitilia shaka, akageuza. Sisi watatu wenye pikipiki mbili tunaona aibu kugeuza Soni kwa sababu tulishawaambia watu wa kijiweni tunalala Lushoto. Ndiyo maana nasema imani ya msafiri haionekani sana anapoondoka. Kuondoka ni rahisi, kuna shangwe na picha za simu. Inaonekana pale anapotakiwa kusimama. Asiyeweza kuivunja safari yake hategemei Mungu, anautegemea mpango wake, au anaitegemea hofu yake ya kuchekwa.

Na hapa ndipo neno inshaallah linapopata uzito wake. Aya ya 23 na ya 24 za Suratul Kahf zinatukataza kusema kuwa tutafanya jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu. Rafiki yangu wa Bumbuli aliniambia kwao pia imo, katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 4: wanaosema leo au kesho tutakwenda mji fulani waseme kwanza, Bwana akipenda. Wote tunalisema. Lakini mtu akisema inshaallah tutafika Mtae Jumapili, na katika mpango wake hamna mahali pa kutofika, ametamka kwa ulimi kitu ambacho karatasi yake inakikanusha.

Basi nimeiandika inshaallah kwenye karatasi, kwa saa na mahali. Saa 8 mchana ikitukuta hatujaiacha Mombo, tunalala Mombo. Milimani jua likizama tu giza liko nawe, na ukungu haungoji giza. Mvua ikinyesha usiku tukiwa Lushoto, asubuhi tunauliza hali ya njia kwa wenye malori kabla ya kuelekea Lukozi, maana udongo mwekundu uliolowa hauchagui dereva. Ukungu wa Magamba ukiwa mzito kiasi cha kutoiona taa ya mwenzako, tunasimama. Na kanuni iliyo juu ya zote: yeyote kati ya watatu akisema tusimame, tunasimama, na wala haulizwi kama anaogopa. Dada yangu, mama wa huyu mpwa, aliposomewa karatasi alisema sasa ndiyo ameielewa inshaallah yetu.

Najua kuna kosa la upande wa pili. Wapo wanaopanga mpaka mpango unakuwa ndiyo tegemeo, wakidhani aliyekaza kila nati amekwisha kata risiti ya usalama. Wapo pia wanaongoja mpaka hatari zote ziishe, na kwa kuwa haziishi, hawaondoki, nao huita kukaa kwao busara. Kwa wote wawili jawabu naliona katika dua tunayoisoma tunapopanda chombo, inayotoka Suratuz Zukhruf. Mja kwanza anamtakasa aliyemtiishia kipando ambacho yeye kwa nguvu zake asingekiweza. Kisha, kabla hata hajakunja goti vizuri, anakiri kuwa kwa Mola wake atarejea. Anayedhani usalama ameutengeneza yeye, nusu ya kwanza inamnyang'anya dhana hiyo. Anayeogopa kuondoka, nusu ya pili inamwambia marejeo yale yapo hata kwa aliyebaki kitandani. Dua ile husomwa kipando kimeshaletwa na mtu yuko juu yake. Haisomwi badala ya kukikagua.

Jawabu langu kwa wenye mithali, basi, ni hili. Kudura imeandika mwisho wetu na imetuficha tusiuone. Breki haikufichwa, iko wazi, inashikika kwa mkono. Tulichoonyeshwa ndicho tutakachoulizwa. Mwezi wa 9 tutapanda kwa gia zetu tukitazama milima tuliyoamrishwa kuitazama, na tukifika Mtae tutashukuru. Tukirudia Soni tutashukuru vilevile, na kijiweni tutawaambia tuligeuza, bila kutafuta udhuru.