Sulhu ya Hudaybiya

Ndugu zangu katika imani, nataka tukumbushane habari ya Hudaybiya, kwa kuwa naona vita vya zama zetu, kama hivi vya Sudani ambavyo pande zake mbili za Waislamu zilitia saini huko Jeddah, Mei 2023, ahadi ya kuwalinda raia, kisha zikaendelea kuwaua, havikosi mabaraza ya mazungumzo bali hukosa watu walio radhi kuivunja fahari yao.

Mwaka wa 6 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400, wamehirimia umra, wanaswaga wanyama wa dhabihu, na Makureshi wa Makka wakawazuia njia hapo Hudaybiya, karibu na Makka. Sayyidna Uthmani akapelekwa Makka kusema nao, akakawia hata ikavumishwa kuwa ameuawa, na Masahaba wakabayi chini ya mti kwamba hawatakimbia. Lakini ilipobainika kuwa yu hai, na Suhayl bin Amri, mjumbe wa Makureshi, akaja kutaka sulhu, Mtume hakuifanya hamasa ile kuwa hoja ya kupigana.

Tutulie kidogo penye kuandikwa kwa mkataba. Sayyidna Ali, aliyekuwa mwandishi, alipoanza kwa jina la Mungu, Arrahmani, Suhayl alisema hilo hawalijui, na iandikwe kama walivyozoea wao, Mtume akakubali. Alipoandika kuwa haya ndiyo aliyopatana Muhammad, Mtume wa Mungu, Suhayl akakataa tena, akasema lau wangalikiri hilo wasingalimzuia kuizuru Nyumba ya Mungu. Ali hakuthubutu kulifuta, kwa taadhima, na Mtume mwenyewe akalifuta, likaandikwa jina lake na la baba yake. Utume haukupungua hata chembe, na vita vikawekwa chini kwa miaka 10. Ni misikiti mingapi, na koo ngapi, zimetengana kwa neno lililo dogo kuliko hilo!

Wala sitauficha uchungu wake, kwani anayeihubiri amani kana kwamba haina gharama huwadanganya watu. Mkataba ungali unaandikwa, alitokea Abu Jandali, mtoto wa Suhayl mwenyewe, akijikokota na minyororo aliyofungwa kwa kusilimu kwake, akilia asirudishwe, naye akausiwa subira akarudishwa, kwa kuwa mkataba ulitaka kila ajaye kutoka kwa Makureshi arudishwe kwao. Hata Sayyidna Umari akauliza mbona waikubali dhila katika dini yao, na Mtume hakumkaripia, alimjibu. Masahaba walipoamriwa kuchinja na kunyoa palepale, bila kuifikia Makka, na huzuni ikawazuia wasiinuke, ni Mama Ummu Salama, mkewe, aliyemnasihi Mtume atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyoa yeye kwanza; akafanya, nao wakafuata. Basi ni kwa dalili gani sisi tunawaacha wanawake nje ya mabaraza yetu ya suluhu?

Njiani wakirejea iliteremka Suratul Fat-hi, ikayaita yale ushindi ulio wazi. Na kweli, watu walipopata amani wakakutana na kusikilizana, waliingia katika dini kwa wingi, na mwaka wa 8, mkataba ulipokwisha kuvunjwa na upande wa Makureshi, Mtume akaingia Makka na watu 10,000, akawasamehe waliomtoa humo.

Katika waliosilimu baada ya siku ile alikuwamo Suhayl. Huyu alipotekwa zamani katika vita vya Badri, Umari aliomba ruhusa amng'oe meno ya mbele asiweze tena kuwahutubia watu dhidi ya Uislamu, na Mtume akakataa, akasema huenda atasimama siku moja mahali ambapo Umari hatamlaumu. Mtume alipofariki, na watu wa Makka wakakaribia kuritadi, ni Suhayl aliyesimama akawahutubia hata wakathibiti.