Adabu ya Kumsahihisha Mwalimu

Gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia wakemia kujengea michanganyiko ya ajabu ya metali, tangu Ludwig Mond na wenzake walipotangaza ule wa nikeli kule Uingereza mwaka 1890. Kaboni monoksidi hung'ang'ania. Ikishika chuma kilichomo katika damu, oksijeni hukosa pa kukaa. Ikishika atomi kadhaa za metali zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, huzizunguka pande zote, na hapo tunapata kishada.

Kuna kishada kimoja cha rodiamu ambacho hunifikirisha sana juu ya heshima. Mwaka 1943 Walter Hieber wa Munich, bingwa wa fani hii, aliripoti pamoja na mwenzake Lagally kwamba rodiamu na gesi hiyo, zikikutanishwa kwa joto na shinikizo kubwa, hutoa fuwele zenye fomula Rh₄(CO)₁₁. Haikuwa hivyo, ila walikosea kwa unywele tu. Kokotoa mwenyewe: katika fomula ile rodiamu ni asilimia 57.2 ya uzito. Katika fomula ya kweli, Rh₆(CO)₁₆, ni 57.9. Tena kitu chenyewe ni kigumu kuyeyuka, kwa hiyo uzito wa molekuli yake haukupimika kirahisi.

Mwaka 1963 Corey na Dahl wa Marekani, wakiwa na Wolfgang Beck wa Munich, walizipiga fuwele hizo miale ya eksirei. Wakaona rodiamu sita kwenye ncha za umbo la nyuso nane, kila moja ikiwa na kaboni monoksidi mbili zake. Nne zilizobaki zimetulia juu ya nyuso nne, kila moja ikishika rodiamu tatu kwa mpigo.

Beck alikuwa mwanafunzi wa Hieber. Kwetu, anayemkosoa mwalimu wake hadharani huambiwa hana adabu, na mwalimu huhesabiwa kuwa ameaibishwa. Ndiyo maana makosa mengi huzikwa pamoja na wenyewe. Nadhani hapo tunaichukulia heshima kama ukimya. Makala ambamo Beck na wenzake walitangaza matokeo yao ilitaja fomula zote mbili kwenye kichwa chake, ikasema ni kitu kimoja. Bila kebehi, na bila kupaka mafuta. Na kazi ya mzee ndiyo iliyowezesha masahihisho hayo: alikuwa ametengeneza kitu halisi, akaeleza alivyokitengeneza, kikabaki pale kikisubiri chombo chenye macho makali zaidi. Angekuwa amepika namba zake, wangesahihisha nini?

Wasahihishaji nao waliacha deni. Ukikihesabia kishada hicho elektroni kwa kanuni iliyozoeleka, ukifanya kila ukingo wa umbo lile kuwa kifungo cha elektroni mbili, unatarajia 84. Kina 86. Ziada hiyo ya elektroni mbili ilipata maelezo mwaka 1971, pale Kenneth Wade wa Durham alipoileta kwenye vishada vya metali hesabu ya michanganyiko ya boroni, ambayo ukiitazama kwa nje haina undugu wowote na rodiamu.